Kadi ikipita bila salio, nani analipa?

Mkazi mmoja wa Adelaide, Australia, alifunga akaunti yake ya benki na kuchukua salio lote, lakini kadi akabaki nayo. Baadaye akaenda nayo kwenye mashine ya kutolea pesa. Wakati huo mashine ilikuwa imekatika mawasiliano na kompyuta kuu ya benki, na ilikuwa imepangwa kwamba hali hiyo ikitokea, impe hadi dola 200 yeyote mwenye kadi na namba ya siri sahihi. Ikampa. Alipofikishwa mahakamani alikuwa na utetezi ambao hata leo ungeusikia hapa Kampala, Wandegeya au Kikuubo: benki yenyewe ndiyo iliyoipanga mashine yake itoe pesa, kwa hiyo iliridhia. Mwaka 1986 Mahakama Kuu ya Australia, ambayo ndiyo ya juu kabisa nchini humo, iliukataa. Majaji walisema mashine haiwezi kutoa ridhaa kwa niaba ya benki, na benki haikuwahi kukubali mtu asiye na akaunti achukue pesa zake. Ule ulikuwa wizi.

Hukumu ile haiwafungi majaji wa Kampala. Lakini sheria yetu ya jinai imechipuka kutoka shina lilelile la Kiingereza, na nasi tunauelewa wizi kwa namna hiyohiyo: kuchukua kwa hila kitu ambacho huna haki ya kukidai. Nani alikosea kupanga mashine ni suala lingine kabisa. Ndiyo maana inaniuma kuona vijana wetu wanauziwa imani kwamba hitilafu ya benki ni bahati ya mteja.

Imani hiyo ina soko. Katika makundi ya Telegram na WhatsApp wanapita watu wanaouza mianya: namba za kadi zinazodaiwa kupita bila salio, maelekezo ya kununua kitu mtandaoni kisha kudai hukukipokea, mbinu ya kulipia huduma kwa kadi pepe (kadi ya namba tu, isiyoshikika) uliyoiacha tupu, tangazo kwamba mfumo wa benki fulani umekwama usiku huu na anayewahi ndiye anayepata. Ada ya kujiunga hulipwa kwanza, kwa pesa za simu. Hilo peke yake lingetosha kumsimamisha mtu afikiri, kwa maana anayejua mahali pesa zinapomwagika bure anaihitaji ada yako kwa nini? Wanaolengwa ni wahitimu wasio na kazi, wanafunzi waliochelewa kulipa karo, madereva wa boda wenye deni la pikipiki. Bafere, yaani matapeli, wa Kampala wanajua vizuri nani ana shida na shida yake inafika lini.

Kosa la kwanza katika imani hii ni la kutojua kadi inavyofanya kazi, na hapa kwetu lina chanzo chake. Sisi tumelelewa na pesa za simu. Tangu kampuni ya simu ya MTN ilipoanzisha huduma hiyo Uganda mwaka 2009, mamilioni ya watu wamejifunza kwamba ujumbe ukishaingia, muamala umekwisha. Mama anayeuza ndizi Nakasero anatazama simu yake, anasoma kiasi na jina, anakukabidhi mzigo. Kwa kadi mambo ni tofauti. Unapoigusisha kwenye mashine ya dukani, kinachopatikana ndani ya sekunde chache ni idhini tu. Benki ya duka imeiuliza benki yako, kupitia mtandao wa Visa au Mastercard, kama una uwezo wa kulipa. Jibu la ndiyo ni ahadi, pesa bado hazijahama. Baadaye, pengine kesho yake, pengine baada ya siku kadhaa, duka linapeleka madai yake, mtandao unakokotoa nani anamdai nani, na benki zinalipana. Hapo ndipo akaunti yako inapokatwa kwa hesabu ya mwisho.

Kati ya ahadi na malipo kuna pengo, na mingi ya mianya inayouzwa mtandaoni imo ndani ya pengo hilo.

Chukua benki ambayo mitambo yake imezimika. Mitandao ya kadi ina utaratibu wa kujibu kwa niaba ya benki isiyopatikana, kwa viwango vilivyokubaliwa mapema, ili mteja aliye kwenye hoteli ya ugenini asiaibike. Zipo pia mashine zinazopokea kadi bila mtandao, kama zinazotumika ndani ya ndege, ambazo huhifadhi rekodi na kuituma baada ya kutua. Katika hali zote mbili kadi yenye sifuri inaweza kupita. Aliyeona imepita hufurahi na kuwatumia wenzake skrinishoti. Ninachotaka akielewe ni kwamba rekodi tayari ipo, ina namba ya kadi yake, saa, mahali na kiasi, na iko njiani inakuja. Ikifika, akaunti inashuka chini ya sifuri. Alichopata ni mkopo ambao hakuuomba, ambao hakusoma masharti yake wala kujua riba yake, na mkopeshaji ana kila sababu ya kuamini kwamba ulichukuliwa kwa makusudi.

Kadi pepe nayo haimfichi mtu. Ile inayotolewa kupitia simu imefungamana na laini, laini imesajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa tangu serikali ilipolazimisha uhakiki huo mwaka 2017, na kitambulisho kina alama zako za vidole. Kuitupa laini kwenye mtaro hakufuti chochote. Tena Uganda imekuwa na huduma ya kumbukumbu za mikopo tangu 2008, na kanuni za 2022 zimewafungulia mlango wakopeshaji walio nje ya mabenki. Deni dogo la kadi lililotelekezwa ukiwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Makerere linaweza kukusubiri miaka baadaye, siku unapoomba mkopo wa kununua pikipiki au wa kumalizia nyumba, na afisa wa mikopo hatakuuliza siku ile ulikuwa na shida gani.

Tumeona jinsi mambo haya yanavyoishia, wala si mbali. Jumamosi ya tarehe 16 Machi 2024, kwa saa kadhaa kuanzia usiku, mfumo wa Benki ya Biashara ya Ethiopia uliwaruhusu wateja kutoa na kuhamisha pesa kuliko salio lao. Benki ilisema lilikuwa kosa la ndani, hapakuwa na uvamizi wa mtandao. Habari zilienea vyuoni kwa ujumbe wa simu na wanafunzi wakapanga foleni kwenye mashine za kutolea pesa. Kwa hesabu ya benki, zaidi ya birr milioni 800 zilitoka. Kisha ukaja upande wa pili: wateja wakatakiwa kurudisha, wengi wakarudisha, na walioshindwa au waliokataa wakaona majina na picha zao zimetangazwa hadharani. Benki ilikuwa na orodha kamili ya kila muamala tangu dakika ya kwanza. Hakuna aliyekuwa amejificha. Walikuwa wameingiza kadi zao wenyewe na namba zao za siri wenyewe.

Kisa cha Revolut kinafanana zaidi na kile kinachouzwa kwenye makundi yetu. Kampuni hiyo ya fedha ya Uingereza ilikuwa na tofauti kati ya mifumo yake ya malipo ya Marekani na ya Ulaya, na kwa sababu hiyo baadhi ya malipo ya kadi yaliyokataliwa yalirejeshwa kwa mteja kana kwamba yalikuwa yamelipwa. Yaani unajaribu kununua kitu cha bei kubwa, kadi inakataa, kisha unarudishiwa pesa ambazo hukuzitoa. Magenge yaliugundua mwanya huo na kuanza kuwahimiza watu wafanye manunuzi makubwa ambayo yangekataliwa, halafu watoe pesa hizo kwenye mashine. Kwa taarifa zilizochapishwa mwaka 2023, zaidi ya dola milioni 20 zilipotea mwaka uliotangulia kabla pengo halijazibwa. Angalia mgawanyo wa kazi: genge lilijua mwanya, watu wa kawaida walitoa akaunti na majina yao.

Mgawanyo huo tunao hapa pia. Oktoba 2020 wezi walipoingia kwenye mitambo ya Pegasus Technologies, kampuni iliyokuwa ikiunganisha mabenki na pesa za simu, kampuni za simu za MTN na Airtel na benki ya Stanbic zililazimika kusimamisha kwa muda uhamishaji wa pesa kati ya benki na simu. Vyombo vya habari viliripoti kwamba laini zipatazo 2,000 zilitumika kupokea na kutoa pesa hizo. Kila laini ilikuwa na mtu aliyeandikishwa nayo. Mwenye akili ya kuvunja mfumo hahitaji kadi wala laini yake mwenyewe, anahitaji yako. Kwa hiyo anayekuomba akaunti yako ipitishe malipo na wewe ubaki na asilimia kidogo, hajakugawia bahati. Amekuweka mbele ya polisi, kwa malipo madogo, na Sheria ya Kuzuia Utakatishaji Fedha ya 2013 inamgusa pia anayepokea na kupitisha pesa akijua zinakotoka.

Kuhusu sheria, watu wengi nchini wanaifahamu Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 kwa zile kesi za matusi mtandaoni, na kwa kifungu chake cha mawasiliano ya kuudhi ambacho Mahakama ya Katiba ilikifuta Januari 2023. Wanasahau kwamba sheria hiyohiyo ina kosa la ulaghai wa kielektroniki: udanganyifu uliokusudiwa ili kujipatia faida isiyo halali, pale sehemu ya mawasiliano inapopita kwenye mtandao wa kompyuta. Adhabu yake inafika kifungo cha miaka 15, au faini ya pointi 360, au vyote viwili. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo faini ya juu ni shilingi milioni 7.2. Kati ya faini hiyo na miaka 15 katika gereza la Luzira, ni hiyo miaka inayopaswa kumtia mtu hofu.

Nisiwe mtu wa kuonyesha upande mmoja tu. Wapo walionusurika. Kijana mmoja wa Australia ambaye benki ilimwachia atumie zaidi ya dola milioni mbili kupita salio lake alihukumiwa mwaka 2015, kisha mahakama ya rufaa ya New South Wales ikamwachia huru Desemba 2016, kwa sababu benki yenyewe ilikuwa ikiruhusu kila ombi lake na yeye hakusema uongo wowote. Kesi hii inapenda kunukuliwa na wauza mianya. Hawasemi kwamba alikuwa amekwisha kukaa gerezani kwa miezi kabla ya kuachiwa, wala kwamba kufutiwa kosa la jinai hakufuti deni. Hawataji pia kisa cha New Zealand, ambako mwaka 2009 mwenye kituo cha mafuta mjini Rotorua aliomba benki imruhusu kukopa hadi dola 100,000 za huko na mfanyakazi wa benki akakosea nukta, akamwekea milioni 10. Alihamisha mamilioni na kutoroka nchi. Mwaka 2012 alihukumiwa kifungo cha miaka minne na miezi saba. Kosa lilikuwa la benki kabisa, la mtu na kibodi yake, na bado aliyefungwa ni mteja.

Ipo mianya ya halali, na ni haki kuitenganisha na hii. Miaka ya nyuma Wamarekani waligundua kwamba kiwanda cha sarafu cha serikali yao kinauza sarafu za dola moja kwa bei yake ileile na kuzisafirisha bure. Wakawa wanazinunua kwa kadi za mkopo, wanakusanya pointi za safari za ndege, kisha wanazipeleka sarafu benki kulipia deni la kadi. Hakuna aliyedanganywa, deni lililipwa lote, na Julai 2011 kiwanda kikaacha kupokea kadi za mkopo kwa sarafu hizo. Mtu anayesoma masharti ya kadi yake na kuyatumia yote hadi mwisho hana kosa. Hapa kwetu wenye kadi za mkopo hasa ni wachache, wengi wana kadi za akaunti au za kujaza, kwa hiyo nafasi hiyo ya halali ni finyu. Kipimo changu ni hiki: je, benki ingekuona unachofanya, ikaelewa, ingekuruhusu uendelee? Kama ushindi wako unategemea benki isijue, umevuka mpaka.

Hoja inayonichosha kuliko zote ni kwamba anayeibiwa ni benki, na benki ina pesa nyingi. Fuatilia shilingi yenyewe uone inakoishia. Fikiria kampuni ndogo ya utalii yenye ofisi Entebbe na dereva wake Kisoro. Mgeni analipa mtandaoni kwa kadi safari ya kuona sokwe Bwindi. Kibali peke yake, kwa mgeni asiye mkazi, ni dola 800 tangu Julai 2024. Mwenye kampuni analipia kibali, analipa nyumba ya wageni, anajaza mafuta, anampa dereva posho. Mgeni anapanda mlima, anapiga picha, anarudi kwao. Wiki kadhaa baadaye anaiambia benki yake kwamba malipo yale hakuyaidhinisha. Kanuni za Visa na Mastercard zinampa mteja muda mrefu wa kupinga malipo, kwa kawaida hadi siku 120, na haki hiyo ni nzuri, imewaokoa wengi walioibiwa kweli. Ikitumiwa kwa uongo, mara nyingi benki ya mgeni haipotezi kitu. Pesa zinavutwa kutoka benki ya kampuni, nayo inaikata kampuni, pamoja na ada ya kushughulikia shauri. Kibali kimekwisha kutumika. Mafuta yamekwisha kuungua. Aliyebaki na hasara ni mtu wa Entebbe anayetakiwa kutafuta saini, risiti na barua pepe kuthibitisha kwamba mgeni alifika, na asipozipata kwa wakati, shauri limemwangukia. Mapingamizi yakizidi, benki inaweza kumnyang'anya kabisa uwezo wa kupokea kadi. Kampuni ya utalii isiyopokea kadi itampata wapi mgeni wa Ulaya?

Na huyo ana kampuni. Kuna pia msichana wa kaunta kwenye duka kubwa, au kijana wa pampu ya mafuta, ambaye kadi ilipita mbele yake na malipo hayakufika. Sehemu nyingi upungufu wa zamu hukatwa kwenye mshahara wa aliyekuwa zamu. Anayejisifu kwamba ameipiga benki, mara nyingi amempiga mtu anayelipwa kidogo kuliko yeye.

Haya yote hayaipi benki usafi wa moyo. Kila mtu mjini anaijua ile sentensi ya netiweki haipo. Kila mtu ana ndugu ambaye mashine ilikataa kutoa pesa lakini akaunti ikakatwa, akaenda tawini, akajaza fomu, akaambiwa asubiri, akasubiri tena. Benki ikikosea kwa faida yake, mteja hufuata haki yake kwa nauli yake mwenyewe. Ikikosea kwa faida ya mteja, simu ya kwanza ni ya polisi. Hasira inayotokana na hali hii ni ya haki, na ndiyo inayomfanya kijana mwaminifu aone kuchukua pesa za hitilafu ni kama kulipwa anachodai. Bila kuiondoa hasira hiyo, mahubiri dhidi ya mianya hayatafika popote.

Benki Kuu ya Uganda ilitoa miongozo ya kumlinda mteja wa huduma za fedha mwaka 2011, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2020 imeipa mamlaka ya kusimamia malipo yote, ya kadi na ya simu. Itumie mamlaka hayo kuweka mambo matatu kwa maandishi. Benki yoyote ambayo mfumo wake umekosea itangaze siku hiyohiyo saa zilizoathirika na aina ya miamala. Pesa ya mteja iliyokatwa kimakosa irudishwe kwa muda uleule ambao benki inampa mteja kurudisha pesa ya benki. Na pawe na siku zinazojulikana za kurudisha bila kushtakiwa, kama benki ile ya Ethiopia ilivyowaahidi wateja wake, kwa sababu wengi walioingia foleni usiku ule walikuwa watoto wa watu waliosikia habari kwa wenzao, na walipopewa njia ya kurudi walirudi.

Hadi hapo kanuni hizo zitakapokuja, ukikuta kwenye akaunti yako pesa usizozijua, usizitoe, usizihamishe, usimkopeshe ndugu. Andika barua kwa meneja wa tawi, taja tarehe na kiasi, ipeleke mwenyewe, na usiondoke kaunta kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa. Na aliyekutumia ujumbe akiomba akaunti yako ipitishe malipo, ujumbe huo uhifadhi pia. Benki ikikuita baada ya miezi, utahitaji vyote viwili.